Nembo za Mama Mkwe Kwenye Kadi ya Arusi

Mwanzoni ilikuwa kazi ndogo tu ya kadi. Kijana wa shemeji yangu alikuwa anafunga ndoa kanisani kule Newala, na familia ikampa binti yangu wa kwanza jukumu la kutengeneza kadi, kwa sababu amesomea kompyuta na ana mashine yake ya mkononi. Akaandika majina, tarehe na saa ya ibada, kisha akazungusha pambo pembeni mwa kadi. Pambo lenyewe lilikuwa majani yaliyosokotana, ambayo kompyuta huja nayo tayari.

Jioni tukampelekea bibi yake aione. Mama mkwe wangu hajui kusoma. Aliishika kadi, akaacha maneno, akapitisha kidole taratibu juu ya lile pambo la pembeni.

"Haya majani ya nini, mke mwenzangu?" akamwuliza mjukuu wake. Ndivyo wanavyotaniana siku zote.

"Ya mzabibu, bibi."

"Unaota hapa Newala?"

"Hapana, bibi. Labda Dodoma."

Bibi akacheka, akarudisha kadi. Lakini binti yangu hakucheka. Alikuwa anamtazama bibi yake usoni, pale mashavuni ambapo zimepangwa nembo: mistari ya pembe-pembe inayopanda na kushuka, moja juu ya nyingine, na kwenye panda la uso umbo kama almasi. Akasema, "Bibi, naomba nichore nembo zako. Niziweke kwenye kadi badala ya haya majani."

Bibi akavuta kanga yake akafunika uso hadi machoni. "Hizi si za kuonyesha watu," akasema. "Muulize mama yako."

Akina mama wenzangu, mimi nilijua kwa nini aliniambia vile. Hapo ndipo ninapotaka kuanzia.

Aibu yangu mwenyewe

Mimi nimezaliwa na kukulia Masasi mjini, mtoto wa mwalimu. Nilipomaliza stashahada ya uuguzi niliolewa na kijana wa Newala, juu ya uwanda wa Wamakonde. Mama yake alinipokea vizuri sana. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, huyu huyu binti, alishuka kutoka kijijini na mzigo wa mihogo na korosho kichwani kuja kunisaidia.

Siku moja tulikwenda pamoja kumpima mtoto uzito. Wauguzi wenzangu walikuwapo, vijana kama mimi. Mmoja akamtazama mama mkwe, akaangalia nembo zake na lile tundu la mdomo wa juu alikokuwa akivaa ndonya zamani, akanong'ona kwa kucheka: "Umemtoa wapi huyu?" Nami, Mungu anisamehe, nikajibu, "Ni jirani tu, amenisindikiza."

Alisikia. Hakusema neno. Alimbeba mtoto mgongoni mpaka nyumbani, akapika, akaosha nepi. Kesho yake akarudi kijijini, na kwa zaidi ya miaka 20 hakuligusa jambo hilo. Nami sikuligusa. Kila Krismasi nilimpelekea kanga na sukari, nikidhani kwamba vitu vitalipa deni la neno.

Usiku ule wa kadi nilipiga magoti mbele yake, nikamwomba radhi mbele ya binti yangu. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Nilidhani umesahau. Mimi niliona wewe ni mtoto." Hakusema kwamba amekubali kuchorwa. Alisema tu kwamba atafikiri, na kwamba nembo si mali yake peke yake; lazima aulize wenzake.

Neno tunalolitumia bila kufikiri

Siku hizi kila taasisi ina nembo. Benki ina nembo, chama kina nembo, hata shule ya chekechea ina nembo kwenye sweta za watoto. Wachache hukumbuka kwamba neno hilo hapo zamani lilikuwa na maana ya alama zilizochanjwa mwilini, hasa usoni, ili mtu ajulikane ni wa watu gani. Kwa Wamakonde, Wamakua na makabila mengine ya kusini, ngozi ilichanjwa kwa kisu kidogo na kupakwa masizi, na kidonda kilipopona mchoro ulibaki maisha yote. Ilikuwa ni uzuri, ilikuwa ni ujasiri, na ilikuwa ni kama kitambulisho.

Wageni waliziona mapema. Mwaka 1906 msomi wa Kijerumani, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi, Newala na Mahuta, akapiga picha watu na nembo zao, akaandika habari za unyago, akachukua vitu vingi kwenda kwao. Kwa hiyo leo hii mtu wa Ujerumani anaweza kuona sura za mabibi zetu katika kitabu, wakati mjukuu aliyeko Newala hajawahi kuulizia maana ya mstari mmoja. Desturi yenyewe ilififia kadiri shule zilivyoenea na watoto walivyoanza kuona haya. Mabibi wenye nembo kamili sasa wamezeeka, na kila mwaka tunawazika.

Maua ya wapiga chapa

Binti yangu alinieleza kwamba mapambo ya pembeni mwa maandishi yana historia ndefu. Zamani kitabu kilichapwa kwa herufi za madini, mchanganyiko wa risasi, antimoni na bati. Mpanga herufi alizichukua moja moja kutoka kwenye sanduku lenye vyumba, akazipanga mstari kwa mstari. Katika sanduku hilo hilo kulikuwa na vipande vyenye ua, jani au nyota badala ya herufi. Alipovipanga mfululizo alipata pindo la kuzunguka ukurasa. Wapiga chapa wa Ulaya waliviita maua.

Na maua hayo yalisafiri. Miaka ya 1500 Mfaransa Robert Granjon alichonga mapambo ya mizabibu iliyosokotana, kwa mtindo uliotoka katika sanaa ya nchi za Kiislamu. Kwa hiyo pambo ambalo wengi hulidhania la Kizungu kabisa, lilikuwa limeazimwa mahali pengine.

Hapa kwetu kazi ya chapa si ngeni. Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA, ambaye mwaka 1876 aliwaleta Masasi watu zaidi ya 50 waliokombolewa utumwani, alikuwa mtu wa mitambo ya chapa. Kule Zanzibar vijana waliokombolewa walifundishwa kupanga herufi na kuchapa vitabu vya Kiswahili, na kutoka Kiungani lilitoka gazeti la Msimulizi mwaka 1888. Mwaka 1882 Magwangwara waliposhambulia Masasi, misheni ilihamia Newala. Nao Wabenediktini walioanza Ndanda mwaka 1906, chini ya uwanda wetu huu, walikuwa na kiwanda cha chapa ambacho vitabu vyake wengi wetu tumevisoma. Nikiwa mtoto nilipenda kukifungua kitabu cha sala na kutazama vile vijimsalaba na vijiua kabla sijajua kusoma.

Niseme neno moja la kiuguzi hapa. Risasi ni sumu, na huharibu hasa ubongo wa mtoto. Mpanga herufi alipaswa kunawa mikono vizuri kabla ya kula. Kompyuta imetuondolea hatari hiyo.

Ilipokuja kompyuta, yale maua yaliingia humo. Mjerumani Hermann Zapf alichora mkusanyo wa nyota, majani na alama, uliotolewa mwaka 1978, na katika miaka ya 1980 ukawekwa ndani ya printa za leza za kampuni ya Apple. Mkusanyo mwingine, Wingdings, ulikuja na Windows 3.1 mwaka 1992. Ndio ule ambao ukibonyeza herufi ya kawaida unapata mkono, simu au jani. Seti kama hiyo huitwa fonti. Kwa lugha rahisi, ni lile sanduku la mpanga herufi, ila sasa halina uzito.

Mabibi walivyoamua

Baada ya wiki mbili mama mkwe alituita. Alikuwa amekaa na mabibi wenzake watatu, wote wenye nembo. Walitusikiliza, kisha wakatoa masharti yao, na naona vema niyaandike kwa sababu yalitufundisha zaidi ya kompyuta.

La kwanza: nembo za mashavuni na za panda la uso zinaweza kuchorwa, kwa kuwa kila mtu aliziona. Nembo za tumboni na mapajani haziguswi. "Zile si za kadi," alisema mmoja, na wote wakacheka kwa namna ambayo mimi mwenye ndoa ya miaka mingi nilielewa. La pili: yanayofundishwa unyagoni yabaki unyagoni. La tatu: michoro isiwekwe kwenye chupa ya pombe wala isiuzwe. La nne: bibi mmoja alikataa kabisa. Alisema uso wake atakwenda nao kaburini. Hatukumbembeleza, na hakuna hata mstari mmoja wake ulioingia katika kazi hii.

Binti yangu aliandika masharti yote kwenye daftari, akawasomea kwa Kimakonde, wakaweka dole gumba. Baadaye nilifahamu kwamba hata Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ya nchi yetu ina sehemu inayolinda sanaa za jadi. Mabibi hawakuisoma sheria hiyo, lakini walifika palepale.

Kazi yenyewe

Mama anayeijua kanga atanielewa upesi. Kanga ina mji katikati, ina jina, na ina pindo linalozunguka. Ukitazama pindo vizuri utaona ni kipande kimoja kinachorudiwa mara nyingi, na pembeni kuna kona. Fonti ya mapambo ni hivyo hivyo.

Binti alianza kwa penseli na karatasi ya mraba-mraba, amekaa mkekani mbele ya bibi yake. Hakupiga picha, bibi hakutaka. Alichora mstari, akamwonyesha, na bibi akasahihisha. "Huu umelala. Wa kwangu umesimama." Mara nne alifuta.

Kisha akaingiza michoro katika programu iitwayo FontForge, ambayo hailipiwi na ikishawekwa kwenye mashine haihitaji intaneti. Kila pambo hukaa ndani ya mraba ambao kila upande wake umegawanywa vipimo 1000. Mistari huwekwa kwa nukta, na kati ya nukta na nukta kompyuta huvuta mstari ulionyooka au uliopinda. Kila pambo hupewa herufi yake: ukibonyeza a unapata pembe-pembe za shavuni, ukibonyeza b unapata almasi, na kona nne zina herufi zao nne. Zote kwa jumla ni alama 14.

Jaribio la kwanza lilikuwa kichekesho. Pindo lilitoka na mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Kumbe kila herufi huachiwa nafasi kidogo kulia na kushoto isigusane na jirani yake. Kwa herufi ni vizuri, ila kwa pambo ni hasara. Ilibidi nafasi hiyo iondolewe kabisa, na mstari wa pembe-pembe uishie kwenye kimo kilekile ulikoanzia, ili kipande kinachofuata kiupokee.

Jaribio la pili mistari ilipotea. Kwenye kioo cha kompyuta ilikuwa myembamba na ya kupendeza, vipimo 12 tu. Lakini pambo likichapwa kwa ukubwa wa milimita nane na nusu, mstari huo ni sehemu ya kumi ya milimita, na mashine yetu ya fotokopi haikuuona. Akauongeza hadi vipimo 40, yaani kama theluthi moja ya milimita. Bibi alipoiona ile nakala akasema, "Sasa imepona." Maana nembo nayo, ikichanjwa juu juu, haishiki.

Je, Mkristo anaruhusiwa?

Swali hili liliulizwa katika kikao cha akina mama wa kanisa, na lilikuwa swali la haki. Dada mmoja alisimama na Biblia, akatukumbusha kwamba kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 19, kinakataza kuchanja mwili. Je, kuweka nembo kwenye kadi ya ndoa takatifu si kurudisha yale tuliyoyaacha?

Tulijadiliana kwa upole. Mwingine alikumbusha kwamba katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31, Mungu alimjaza Bezaleli ustadi wa kuchonga na kupamba hema, kwa hiyo pambo si dhambi. Tena Masasi imewahi kupita njia hii. Askofu Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia mwaka 1926, alijulikana kwa kuijaribu njia ya kuipokea jando ndani ya maisha ya Kanisa badala ya kuifukuza nje. Si wote waliomkubali wakati ule, na mpaka leo wapo wanaobishana.

Mimi nilisema hivi: mabibi hawa wamebatizwa na nembo zao usoni, wamepokea Ushirika nazo, na wengi wamezikwa nazo na Kanisa likaimba. Kama Bwana aliwapokea hivyo, itakuwaje sisi tuwaonee haya kwenye karatasi? Tulikubaliana kwamba karatasi ni karatasi na ngozi ni ngozi. Yule dada hakuridhika sana, lakini kadi aliipokea, na arusini alikuja.

Onyo la muuguzi

Nasema hili kwa mkazo kwa sababu vijana wameanza kuona nembo ni fasheni. Kuzichora kwenye kadi au kitambaa ni vizuri. Kuchanja ngozi kwa wembe uliotumiwa na mwingine ni hatari kubwa. Damu kidogo tu isiyoonekana kwa macho inaweza kubeba virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini. Chombo kichafu huleta pepopunda. Na wako wenye ngozi inayoota makovu makubwa ambayo hayaondoki.

Mtoto wako akichanjwa kwa wembe wa kuchangia, usimfiche kwa kuogopa maneno ya watu. Mpeleke kituo cha afya upesi, siku hiyo hiyo ikiwezekana. Dawa za kujikinga na virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianzwe mapema, na kabla ya saa 72 kupita. Aidha, mwulizie chanjo ya pepopunda.

Ukitaka kufanya kwako

Mama msomaji, huenda kwenu hakuna nembo za usoni. Lakini pana ukili wa mkeka, vyungu vyenye mikato shingoni, milango iliyochongwa, pindo la kanga ya mama yako. Hayo yote ni mapambo yanayoweza kuingia katika kadi za ubatizo, vyeti na ratiba za ibada.

Anza kwa kuomba ruhusa, na anayekataa mwache. Chora mbele ya mwenyewe ili asahihishe. Andika jina la pambo kwa lugha yake na maana yake, kwa kuwa mchoro usio na jina ni kovu tu. Fanya mstari uwe mnene wa kutosha kwa mashine mliyo nayo, si ile mnayoitamani. Na kama huna kompyuta, kata pambo kwenye kipande cha muhogo au kiazi, chovya kwenye wino, piga chapa. Watoto wa shule ya Jumapili watafurahi.

Siku ya arusi

Kadi zilitoka, nakala 150, wino mweusi kwenye karatasi ya rangi ya maziwa. Pembe-pembe zilizunguka majina ya maarusi, na kona zilikuwa na almasi. Siku ya arusi vijana walimzunguka bibi, kila mmoja na kadi mkononi, wakilinganisha karatasi na uso. Safari hii hakuvuta kanga.

Mwezi uliofuata nilimpeleka kupimwa shinikizo la damu. Muuguzi kijana aliyekuwa zamu akamtazama, akachukua kalamu na kuniuliza, "Mgonjwa ni nani wako?"

"Ni mama yangu," nikajibu kwa sauti, ili waliokuwa kwenye benchi wasikie.

Mama mkwe akanigeukia akiwa amenyoosha mkono kwenye kipimo. "Afadhali," akasema. "Maana jirani asingenilipia nauli."